Amana Hailindwi na Simu Peke Yake

Tarehe 4 Machi mwaka 2024, mjini Arusha, Somalia ilikabidhi hati ya kuridhia Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ikawa mwanachama kamili wa nane wa Jumuiya hiyo. Siku ile watu wengi waliulizana swali moja: nchi iliyopigana yenyewe kwa yenyewe kwa zaidi ya miaka thelathini inatuletea nini?

Wako waliojibu kwa matumaini. Walitaja pwani yake, ambayo ni ndefu kuliko pwani ya nchi nyingine yoyote ya Afrika bara. Walitaja ngamia, mbuzi na kondoo wake, na samaki wa bahari yake. Wako pia waliojibu kwa hofu, wakataja mabomu, magaidi na maharamia. Majibu yote hayo yana ukweli ndani yake. Lakini liko jambo la tatu ambalo halikutajwa sana, nalo ndilo tunalotaka kulieleza leo, hasa kwa ndugu zetu wa Jeshi la Wananchi na wa Jeshi la Polisi, kwa kuwa linawagusa kwa namna ya pekee.

Jambo lenyewe ni hili. Somalia ni nchi ambayo kwa miaka mingi haikuwa na serikali iliyotawala nchi nzima, wala benki kuu iliyofanya kazi. Hata hivyo wananchi wake wamejenga utaratibu wa fedha za simu ambao ni miongoni mwa ile inayotumika zaidi duniani. Na utaratibu huo wameujenga juu ya misingi ya biashara ya Kiislamu, ambayo inakataza riba na kudai uaminifu katika amana. Siku hizi wataalamu wameupa utaratibu wa namna hiyo jina la uchumi wa kidijitali wa Kiislamu. Jina ni jipya. Mambo yaliyomo ndani yake, kama tutakavyoona, ni ya zamani.

Tuanze na historia. Mwishoni mwa Januari mwaka 1991 Rais Mohamed Siad Barre alikimbia Mogadishu, na serikali ikaanguka pamoja naye. Benki zilivunjwa na kuporwa. Noti za shilingi ya Somalia zikabaki mikononi mwa watu bila ya kuwa na mwenyewe, maana benki kuu iliyozitoa haikuwapo tena. Wababe wa vita na wafanyabiashara wakaagiza noti nyingine kutoka nje, zikachapwa kwa marobota. Matokeo yake yalikuja kupimwa baadaye. Mwaka 2017 Shirika la Fedha la Kimataifa lilikadiria kwamba asilimia 98 ya fedha za Kisomali zilizokuwa katika mzunguko zilikuwa za bandia.

Ndugu msikilizaji, hebu fikiri maana ya jambo hilo. Katika kila noti mia moja, noti mbili tu ndizo halali. Nani ataweka akiba katika fedha kama hizo? Nani atalipa mshahara kwazo, au kununua shehena ya mchele? Ilibidi wananchi watafute njia nyingine, na njia waliyoifuata waliikuta katika mila zao wenyewe. Njia hiyo ni hawala.

Neno hawala si geni katika Kiswahili. Kazi yake ni rahisi kueleza. Kijana Msomali anayefanya kazi Dubai au London anataka kumpelekea mama yake dola 100 huko Baidoa. Humpa wakala wa hawala aliye karibu naye. Wakala huyo hupeleka habari kwa mwenzake wa Baidoa, naye humkabidhi mama fedha zake, pengine siku ile ile. Hakuna noti iliyovuka bahari. Kilichovuka ni neno. Baadaye mawakala hao wawili husawazisha hesabu zao kwa biashara: huyu wa Dubai hununua sukari, nguo au vipuri na kuvipeleka Mogadishu, na bei yake huondoa deni. Kampuni kubwa kuliko zote katika kazi hiyo leo, Dahabshiil, ilianzishwa mwaka 1970 katika mji wa Burao, na jina lake lina maana ya myeyusha dhahabu.

Ni kitu gani basi kilichomzuia wakala wa Baidoa asimdhulumu yule mama? Hapakuwa na polisi wa kumkamata, wala mahakama ya kumhukumu. Kilichomzuia ni jina lake na jina la ukoo wake, pamoja na imani yake kwamba amana ni deni mbele ya Mungu. Mwaminifu hana hasara. Kwa Wasomali wa miaka ile, mtu aliyepoteza uaminifu alipoteza biashara, akapoteza na jamaa zake.

Kwa njia hiyo fedha nyingi zimeingia nchini. Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2016 kwamba Wasomali walio ughaibuni walikuwa wakipeleka nyumbani kiasi cha dola bilioni 1.4 kila mwaka. Fedha hizo zililipa karo, zikanunua unga, zikajenga nyumba na maduka. Wakati wa vita, hawala ilikuwa ndiyo hazina ya taifa lisilokuwa na hazina.

Kisha ikaja simu ya mkononi. Mwaka 2007 huduma ya M-Pesa ilianzishwa nchini Kenya, na mwaka uliofuata ikaingia Tanzania. Mwaka 2009 kampuni ya simu ya Telesom, huko Hargeysa katika eneo la Somaliland lililotangaza kujitenga mwaka 1991, ilianzisha huduma iliyoitwa Zaad. Hilo ni neno lenye asili ya Kiarabu, na maana yake ni masurufu ya msafiri. Haukupita muda mrefu, kampuni ya Hormuud ya Mogadishu nayo ikaanzisha huduma yake, EVC Plus. Kabla ya hapo, mtu aliyekwenda sokoni Hargeysa kununua mbuzi ilimlazimu kubeba noti kwa mfuko, na wabadilishaji wa fedha walizipanga noti barabarani kama matofali. Baada ya simu kuingia, muuza chai wa Mogadishu alianza kupokea malipo ya kikombe kimoja kwa namba ya simu.

Huduma hizo za Somalia zina mambo mawili yanayozitofautisha na zile tulizozoea sisi. La kwanza, fedha zilizomo ndani ya simu ni dola za Kimarekani kwa sehemu kubwa, si shilingi. La pili, kumtumia mwenzako fedha hakutozwi ada. Kampuni hupata faida yake kwa kuwa mteja hununua muda wa maongezi na hawezi kuhama kwa urahisi. Na salio linalokaa ndani ya simu halizai riba. Kwa Mwislamu anayeogopa riba, hapo hapana kizuizi.

Matokeo yalikuwa makubwa. Uchunguzi wa Benki ya Dunia uliotangazwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba asilimia 73 ya Wasomali wenye umri wa zaidi ya miaka 16 walikuwa wakitumia fedha za simu, na kwamba kila mwezi ilifanyika miamala ipatayo milioni 155, yenye thamani ya dola bilioni 2.7. Ni tarakimu zinazostahili kurudiwa: dola bilioni 2.7 kwa mwezi, katika nchi ambayo wengi wetu tuliijua kwa habari za vita tu.

Ndugu wasikilizaji, hapa hapana budi tueleze kidogo misingi yenyewe ya biashara ya Kiislamu. Hatufanyi hivyo kwa kuhubiri dini, maana wasikilizaji wetu ni wa dini zote. Tunafanya hivyo kwa sababu mtu hawezi kuelewa uchumi wa jirani yake asipoelewa mambo ambayo jirani huyo anayaona kuwa halali na yale anayoyaona kuwa haramu.

Msingi wa kwanza ni kwamba fedha haizai fedha kwa kukaa tu. Faida lazima itokane na kazi, na bidhaa, au na hatari ambayo mwenye mali amekubali kuibeba. Tuseme fundi cherehani anahitaji cherehani ya shilingi 600,000, naye hana fedha. Benki ya kawaida itamkopesha shilingi 600,000 na kumtoza riba, na akichelewa kulipa deni litaendelea kukua. Benki inayofuata sheria za Kiislamu hufanya vingine. Hununua cherehani yenyewe, kisha humwuzia fundi kwa shilingi 690,000, bei ambayo imetajwa wazi tangu mwanzo, naye hulipa kwa awamu. Akichelewa, bei haipandi. Mapatano hayo huitwa murabaha. Yako na mengine: musharaka, ambapo benki na mfanyabiashara huwa washirika katika faida na hasara, ijara, ambayo ni kukodisha, takafuli, ambayo ni bima ya kusaidiana, na sukuk, ambazo ni hati zinazompa mnunuzi haki katika mali fulani na faida yake.

Msingi wa pili ni kutoingia katika biashara za kubahatisha au zilizofichwa masharti. Msingi wa tatu ni zaka, yaani kutoa sehemu moja ya arobaini ya akiba kwa ajili ya maskini na wengine wanaostahili.

Mambo hayo si mageni katika eneo letu. Kenya ilipata benki zake za kwanza za Kiislamu katika mwaka 2007 na 2008. Benki ya Amana ilifunguliwa hapa Tanzania mwaka 2011. Na mwaka 2023 benki moja ya Mogadishu, Premier Bank, ilinunua sehemu kubwa ya hisa za benki moja ya Kiislamu ya Nairobi na kuipa jina lake. Zamani mitaji ilitoka Nairobi kwenda nchi za jirani. Safari hii mtaji ulitoka Mogadishu.

Sasa tuulize swali lililo kubwa zaidi. Je, utaratibu huo umelikuza taifa la Somalia?

Kwa upande mmoja jibu ni ndiyo. Tuangalie mifugo. Somalia huuza mamilioni ya mbuzi, kondoo, ng'ombe na ngamia Saudi Arabia na nchi nyingine za Ghuba, hasa wakati wa Hija. Mwaka 2014 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilihesabu wanyama milioni 5 waliosafirishwa nje. Mfugaji aliyeko mbali na pwani anapoweza kulipwa kwa simu, hana haja ya kubeba noti njiani ambako majambazi wanamngojea.

Tuangalie pia njaa. Mwaka 2011 njaa kubwa iliikumba Somalia na watu wapatao 260,000 walikufa, wengi wao wakiwa watoto wadogo. Misaada ya chakula ilishindwa kufika kwa sababu malori yalizuiwa. Ndipo mashirika yalipoanza kupeleka fedha kwa njia ya hawala, zikafika mahali ambapo gunia halikufika. Ukame uliporudi mwaka 2017, fedha zilipelekwa kwa wingi na mapema zaidi, nyingi kwa simu, na njaa ya kiwango kile haikutokea. Mwaka 2020 serikali yenyewe ilianza kuzilipa familia maskini kupitia mpango wake uitwao Baxnaano. Kwa wengi wa watu hao, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kupokea kitu kutoka kwa serikali badala ya kunyang'anywa.

Lakini kwa upande mwingine, jibu ni hapana, au tuseme bado. Uaminifu wa watu binafsi unaweza kuendesha soko, lakini hauwezi peke yake kujenga taifa. Barabara haijengwi na hawala, na shule ya umma haiendeshwi na salio la simu ya mtu. Kwa miaka mingi fedha hizo zote zilipita bila ya taifa kupata chochote cha kuwatumikia wote. Benki zilizofunguliwa baadaye zimetoa murabaha za muda mfupi kwa wafanyabiashara waliokwisha kuwa na mali, na kidogo sana kwa mkulima wa bonde la Mto Shabelle. Kutokuwapo kwa riba hakumaanishi kwamba maskini ameshafikiwa.

Tena kulikuwa na hatari ambayo mteja hakuiona. Mtu anapoweka dola 50 katika simu yake, ni nani anayehakikisha kwamba dola 50 za kweli zimewekwa mahali? Kama kampuni ingefilisika, je, mwananchi angemwendea nani? Kwa miaka zaidi ya kumi hapakuwa na jibu. Ilikuwa ni Februari mwaka 2021 ndipo Benki Kuu ya Somalia, iliyofufuliwa, ilipotoa leseni ya kwanza ya fedha za simu kwa Hormuud, chini ya kanuni zinazodai fedha za wateja zitengwe na mali ya kampuni. Mwaka huo huo ulianzishwa mfumo wa taifa wa kuunganisha malipo ya benki. Mwaka 2023 ilianza kazi ya kuwapa wananchi vitambulisho vya taifa. Na tarehe 13 Desemba 2023 Somalia ilisamehewa madeni ya dola bilioni 4.5, baada ya kuonyesha kwamba imeanza kuziweka sawa hesabu zake. Hatua hizo ni za kiserikali, na ndizo zinazogeuza soko kuwa uchumi wa taifa.

Ndugu askari, sasa tufike katika jambo linalowahusu ninyi moja kwa moja.

Kwa miaka mingi mshahara wa askari wa Somalia ulisafiri kama noti katika magunia. Ulipita mkononi mwa mkubwa, kisha mkononi mwa mdogo wake, na kila mkono ulioupokea ulibaki na kitu. Orodha za vikosi zilikuwa na majina ya watu waliokwisha kufa na ya wengine ambao hawakupata kuzaliwa. Askari aliyekaa miezi bila ya mshahara aliweka kizuizi barabarani akamtoza mwenye lori, au aliuza risasi zake. Desemba mwaka 2017 Marekani ilisimamisha misaada yake ya chakula na mafuta kwa sehemu kubwa ya jeshi hilo kwa sababu ya ubadhirifu. Kusema kweli, adui hakuhitaji kulishinda jeshi kama hilo. Lilikuwa likishindwa na karani wake mwenyewe.

Mwaka 2019 serikali iliamua kuwaandikisha askari kwa alama za vidole na kuwalipa mishahara yao moja kwa moja katika akaunti zao, bila ya kupitia kwa makamanda. Uamuzi huo ulikuwa mgumu, na haukuwapendeza wote. Lakini askari aliyesimama mpakani alianza kujua kwamba jasho lake litaifikia familia yake hata kama yeye yuko porini.

Somalia haikuwa ya kwanza katika jambo hilo. Mwaka 2009, katika mkoa wa Wardak nchini Afghanistan, polisi walijaribiwa kulipwa mishahara kwa simu. Baadhi yao walipopokea fedha zao walidhani wameongezewa mshahara. La hasha! Ilikuwa ni mara yao ya kwanza kupokea mshahara wao kamili. Hakuna hotuba inayoeleza madhara ya wizi wa mali ya umma vizuri zaidi kuliko mshangao wa wale polisi.

Hata hivyo kisu kinachokata nyama ndicho kinachokata kidole. Mwaka 2010 kikundi cha Al-Shabaab kilipiga marufuku fedha za simu katika maeneo kiliyoyatawala. Miaka kumi baadaye, mwaka 2020, wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walieleza jinsi kikundi hicho hicho kilivyokuwa kikitumia simu na akaunti za benki kukusanya na kuhamisha fedha zake. Kinawatoza wafanyabiashara, wenye malori na wafugaji, tena hulibatiza tozo hilo jina la zaka. Serikali ya Marekani imekadiria mapato yake kuwa ni zaidi ya dola milioni 100 kwa mwaka. Zaka ni haki ya maskini, nayo hutolewa kwa nia. Fedha inayotolewa kwa kuogopa bunduki ni unyang'anyi, hata ikiwa imetumwa kwa simu na kuandikiwa risiti.

Kwa sababu hiyo Rais Hassan Sheikh Mohamud, aliyechaguliwa Mei mwaka 2022, alitangaza vita vya pande tatu dhidi ya kikundi hicho: vita vya silaha, vita vya fikra, na vita vya fedha. Katika vita hivyo vya tatu serikali imefunga akaunti za benki na za simu zilizotiliwa shaka. Ofisa wa polisi anayejua kuifuata fedha katika safari yake anaweza kufanya kazi ambayo kombania nzima haiwezi kuifanya.

Lakini hapa hapana budi tuonye. Novemba mwaka 2001 Marekani iliifungia kampuni ya Al-Barakaat, iliyokuwa kubwa kuliko zote katika hawala ya Somalia, kwa tuhuma za kusaidia ugaidi. Maelfu ya familia zilikosa fedha zao kwa usiku mmoja. Mwaka 2004 wachunguzi wa tume ya Marekani yenyewe walieleza kwamba hawakupata ushahidi wa tuhuma hiyo. Aprili mwaka 2015, baada ya magaidi kuua watu 148 huko Garissa, Kenya ilisimamisha leseni za kampuni 13 za hawala, na miezi miwili baadaye ikaziruhusu tena kwa masharti. Hasira ya Kenya ilieleweka, na msiba wake ulikuwa msiba wetu. Lakini mlango unapofungwa kwa wote, mwema ndiye anayebaki nje. Mwovu hutafuta dirisha. Ulinzi wa kweli ni kumtambua mhalifu mmoja kati ya watu elfu, na kuwaacha wale 999 waendelee na kazi zao.

Upo pia ulinzi wa vitu tusivyoviona. Mwaka 2017 meli moja ilikata waya wa mawasiliano uliopita chini ya bahari karibu na Mogadishu. Kwa zaidi ya wiki tatu sehemu kubwa ya Somalia haikuwa na intaneti, na waziri wao wa mawasiliano alisema hasara ilifikia dola milioni 10 kwa siku. Waya huo, uitwao EASSy, unafika hadi Dar es Salaam. Na tarehe 12 Mei mwaka 2024 ulipokatika pamoja na mwingine, sisi wenyewe hapa Tanzania tulionja adha hiyo. Zamani askari wa majini alilinda meli na bandari. Leo analinda pia uzi ulio chini ya maji, ambao umebeba mshahara wake mwenyewe.

Ndugu wasikilizaji, tujumlishe. Somalia imekuja katika Jumuiya yetu ikiwa na mzigo wa matatizo, jambo ambalo hakuna anayelikana. Lakini imekuja pia na somo. Wananchi wake walionyesha kwamba uaminifu ni mtaji, tena mtaji wa kwanza, na kwamba utaratibu wa kisasa hupata mizizi haraka unapopandwa katika udongo wa imani na mila za watu. Barawa, mji wa Kisomali ambao wenyeji wake wa asili husema lugha iliyo ndugu wa Kiswahili chetu, hauko mbali nasi kama tunavyodhani. Biashara kati ya pwani hizo ilikuwapo kabla ya mipaka, nayo itaongezeka.

Somo la pili ni kwamba uaminifu unahitaji mlinzi. Simu inaweza kuchukua amana kutoka Hargeysa hadi Kismayu katika muda wa kupepesa jicho, lakini haiwezi kumzuia mwenye bunduki kuidai amana hiyo kwa aliyeipokea. Haiwezi kumzuia karani kuandika jina la askari hewa. Kazi hizo ni za sheria, na sheria hutegemea watu walioapa kuitumikia.

Kwa hiyo, ndugu askari uliye zamu usiku huu mpakani, bandarini au katika kituo cha polisi, jambo hili lisikupite kama habari ya mabenki na mafundi wa simu. Kila mfanyabiashara anayepita mbele yako akiwa na salio la halali amekuamini, hata kama hajui jina lako. Ukimwomba kitu kidogo ili apite, umemfanyia kile ambacho Al-Shabaab wanamfanyia mwenzake kule Shabelle, tofauti ni sare tu. Ukimlinda na kumwacha aende zake, umejenga uchumi wa taifa kuliko benki yoyote.

Amana ni amana, iwe katika kibubu au katika simu. Na amana iliyo kubwa kuliko zote ni ile ambayo wananchi wameiweka mikononi mwako.